Jina la Njiwa: Safari za Jina la Colombo

Siku moja darasani, tulipokuwa tukisoma habari za bandari za Bahari ya Hindi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huu mji wa Colombo ulioko Sri Lanka, je, ulipewa jina la yule Colombo aliyevuka bahari akafika Amerika?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitalitafuta, na makala haya ni malipo ya deni hilo.

Yafaa tuanze na maana ya neno lenyewe. Katika Kiitalia, *colombo* ni njiwa, na neno hilo limetokana na Kilatini. Zamani mtu aliweza kuitwa Njiwa kwa sababu nyingi: pengine alifuga njiwa, pengine alikuwa mpole, pengine wazazi wake walipenda jina hilo kwa kuwa kwa Wakristo njiwa ni alama ya Roho Mtakatifu. Jina la namna hiyo halizaliwi mara moja wala mahali pamoja. Kama vile kwetu watu wawili waitwao Simba wanavyoweza kuwa hawana babu mmoja, ndivyo walivyo akina Colombo wa Italia.

Ajulikanaye kuliko wote ni Cristoforo Colombo, aliyezaliwa Genova mwaka 1451, mwana wa mfumaji wa sufu. Alivuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1492 kwa amri ya wafalme wa Hispania, akafa mwaka 1506. Wahispania walimwita Colón. Walioandika Kilatini walimwita Columbus. Mtu mmoja, majina matatu, na kila moja limezaa majina mengine, kama tutakavyoona. Lakini si yeye peke yake aliyelipa jina hili sifa. Realdo Colombo wa Cremona, mtaalamu wa maumbile ya mwili, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1559 kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, ndipo hurudi upande wa kushoto. Jambo ambalo tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alikuwa ameliandika karne tatu kabla yake. Na katika karne ya ishirini, Emilio Colombo, mzaliwa wa Potenza kusini mwa Italia, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo toka mwaka 1970 hadi 1972.

Hao ni wenye majina makubwa. Walio wengi, hata hivyo, ni watu wasioandikwa vitabuni, na hasa katika jimbo la Lombardia, ambako Colombo ni mojawapo ya majina ya ukoo yaliyoenea mno. Sababu yake ni ya huzuni. Mjini Milano palikuwa na hospitali kuu ambayo alama yake ilikuwa njiwa. Hospitali hiyo ilipokea watoto wachanga walioachwa na mama zao, ama kwa ufukara, ama kwa kuogopa aibu. Mtoto aliwekwa ndani ya kisanduku kilichozunguka ukutani: mama akiwa nje usiku humlaza mwanawe humo, hukizungusha, na mtoto hujikuta upande wa ndani, bila aliyempokea kuuona uso wa aliyemleta. Mtoto hana baba wa kutajwa, hana ukoo wa kuandikwa. Basi aliandikwa jina la alama ya nyumba iliyompokea, akaitwa Colombo.

Desturi hii haikuwa ya Milano tu. Watoto wa namna hiyo wa Napoli waliitwa Esposito, yaani aliyewekwa nje. Wa Firenze waliitwa Innocenti, yaani wasio na hatia. Jina lilitolewa kwa huruma, lakini lilikuwa pia chapa, kwa maana popote mtoto alipokwenda, jina lake lilimtangulia kusimulia alivyoachwa. Ndiyo sababu Milano iliikomesha desturi hiyo mwaka 1825, na watoto wakaanza kupewa majina mbalimbali. Hata hivyo waliokwisha kuitwa Colombo walikuwa wameoa na kuzaa, na leo wajukuu wa vitukuu vyao wanalichukua jina hilo bila haya. Aliyepewa jina kwa kukosa ukoo ameanzisha ukoo.

Ama kuhusu mahali, hapa jina lilisafiri kwa njia nyingine kabisa. Watu wa Amerika ya Kaskazini walipotaka kuiita nchi yao kwa jina la kishairi, walichukua Columbus wakatengeneza Columbia. Wilaya ya mji mkuu wa Marekani ilipewa jina hilo mwaka 1791, na mji wa Columbus katika Ohio ulianzishwa mwaka 1812, ingawa baharia mwenyewe hakufika kamwe katika nchi hizo. Kusini, Francisco de Miranda wa Venezuela aliwaza taifa huru liitwalo Kolombia, na mwaka 1819 Simón Bolívar na wenzake walilitangaza. Panama ina mji wa Colón, na fedha ya Kosta Rika huitwa kwa jina hilohilo.

Mwaka 1792 nahodha Robert Gray aliingia na merikebu yake, iliyoitwa Columbia, katika mto mkubwa wa pwani ya magharibi, akaupa mto jina la merikebu. Wenyeji Wachinuki walikuwa wakiuita Wimahl, yaani mto mkubwa. Mwaka 1858 Malkia Victoria wa Uingereza akaliita koloni lake la upande huo British Columbia. Nawaomba walimu wenzangu waukumbuke mwaka huo. Ni mwaka uleule ambao Speke alifika kwenye ziwa letu, ambalo Waganda huliita Nalubaale, akaliandika katika ramani kwa jina la malkia huyohuyo. Na Cristoforo mwenyewe alikuwa amekwisha onyesha njia: kisiwa cha kwanza alichokanyaga kiliitwa na wenyewe Guanahani, yeye akakiita San Salvador.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Sri Lanka mwaka 1344, akautaja mji uitwao Kalanbu. Cristoforo alikuwa hajazaliwa. Zilibaki zaidi ya miaka mia moja. Wareno walipofika huko mwanzoni mwa karne ya kumi na sita, walilitamka jina la wenyeji kwa ulimi wao, likawa Colombo. Basi mji huo na baharia huyo wanafanana kwa sauti tu. Ni jirani wa kamusi, si ndugu.

Kinyume chake, lipo neno ambalo halifanani sana na Colombo, nalo ni la damu yake. Mwaka 1801 mkemia Mwingereza Charles Hatchett alichunguza jiwe lililotoka Amerika, akagundua ndani yake elementi mpya, akaiita columbium kwa heshima ya Columbia. Baadaye elementi hiyo ilipewa jina la niobi, lakini madini yenyewe yalibaki kuitwa kolumbiti. Kolumbiti ikichanganyika na tantaliti, watu wa Kongo na Rwanda huiita koltani. Kwa hiyo mchimbaji wa Masisi, anayetoa udongoni madini yatumikayo ndani ya simu za dunia nzima, kila siku hutaja kipande cha jina la njiwa wa Genova, na pengine hakuna aliyemwambia.

Katika habari hizi naona fundisho kwetu sisi walimu wa lugha. Kufanana kwa majina si ushahidi wa udugu, na kutofanana si ushahidi wa ugeni. Jina huweza kurithiwa, kutolewa kama sadaka, kubandikwa juu ya jina jingine kwa nguvu, au kugongana na jingine kwa bahati. Hapana budi kuuliza, kila mara, ni nani aliyelitoa na palikuwa na jina gani kabla yake. Nimewaagiza wanafunzi wangu wawaulize wazee majina ya zamani ya vilima na mito ya kwao, wayaandike pamoja na maana zake, kabla wanaoyajua hawajatutoka. Na yule aliyeuliza swali la kwanza nimempa daftari la kuyakusanya yote.