Gobore Kati ya Mikataba Miwili

Gobore hushindiliwa kwa mdomo. Mwindaji husimamisha kasiba, akamimina baruti aliyoikadiria kiganjani, akasokomeza kipande cha kitambaa kuukuu, kisha akashindilia kwa mdeki mpaka mdeki wenyewe urukeruke mkononi, ishara kwamba baruti imekaa sawasawa. Hapo hufuata goroli za baiskeli au vipande vya nondo, kitambaa tena, mdeki tena. Fataki huja mwisho kabisa, juu ya chuchu ya mtambo. Mvua ikinyesha kabla ya mlio, kazi yote imepotea. Akikosa shabaha, aanze upya, na nguruwe mwitu hana subira hiyo.

Katika milima ya Mbinga, na chini yake kwenye vijiji vya pwani ya Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, hii ndiyo bunduki ambayo mtu wa kawaida ameifahamu kwa vizazi. Mababu walilinda nayo mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, na waliokaa karibu na mto Ruhuhu waliitumia kumtisha kiboko. Ni rahisi kudhani kwamba gobore lilibaki kijijini kwa sababu ya umaskini. Umaskini umechangia, lakini kuna sababu nyingine, nayo iliandikwa kwa wino mjini Brussels.

Kwanza bunduki zilifikaje? Wangoni, walioitikisa Ruvuma yote katikati ya karne ya 19, hawakushinda kwa baruti. Silaha yao ilikuwa mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu, ngao ya ngozi na nidhamu ya vikosi waliyotoka nayo kusini, ng'ambo ya Zambezi, ambayo walikuwa wameivuka mwaka 1835. Wamatengo walipowakimbia walipanda milimani, na huko kwenye miteremko mikali wakakuza kilimo chao cha ngoro, yale mashimo ya mraba yanayozuia udongo usiporomoke. Mpaka leo mgeni akipita barabara ya Mbinga huyaona yamepangwa kama sega la nyuki.

Bunduki ilikuja na misafara ya Kilwa. Watumwa na pembe za ndovu vilielekea pwani. Nguo, shanga na baruti vilirudi bara. Upande wa magharibi wa ziwa, Nkhotakota, watawala wenye cheo cha Jumbe waliendesha majahazi yaliyovusha mateka mpaka ng'ambo ya mashariki. Kiswahili cha biashara hiyo kilikuwa na jina kwa kila hatua ya ufundi: bunduki ya mrau iliyowashwa kwa utambi, ya gumegume iliyotoa cheche kwa jiwe, ya fataki, na hatimaye ya viasi, iliyotiwa risasi kwa nyuma. Msamiati huo ni kumbukumbu nzuri kuliko daftari nyingi za forodha.

Wingi wa bunduki hizo ulitokana na mambo ya Ulaya. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya huko yalitupa bunduki za kushindiliwa kwa mdomo na kununua za kutiwa risasi kwa nyuma, kisha baada ya miaka michache yakabadilisha tena. Mamia kwa maelfu ya bunduki zilizostaafu zilihitaji mnunuzi, na Zanzibar ikawa duka la kuziuza. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba bunduki mpya zilikuwa zimeanza kuja pamoja na zile kuukuu, na watu ambao serikali yake ilitaka kuwatawala wangeweza kuwa na silaha sawa na za watawala.

Hofu hiyo haikuwa ya kinadharia. Mwaka huohuo, kaskazini magharibi ya ziwa, Mwingereza Frederick Lugard alijeruhiwa akishambulia boma la kundi la mfanyabiashara ya watumwa Mlozi karibu na Karonga. Vita hivyo vilianza mwaka 1887, na Mlozi hakunyongwa mpaka 1895.

Basi ikaja wiki moja ya ajabu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo, na mpaka wao ukapitishwa kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mkutano wa Brussels ulipitisha mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika ukanda wote kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki za kisasa isipokuwa kwa ajili ya serikali na kwa wachache wenye kibali maalumu. Silaha zilizoingia zilipaswa kuwekwa kwenye ghala la serikali. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kuuzwa.

Mikataba hiyo miwili ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa sheria za silaha za sehemu hii kwa miongo mingi. Mkataba wa kwanza ulisema mtu yuko chini ya bendera ipi. Wa pili ulisema anaweza kushika nini. Ukomeshaji wa utumwa ulikuwa jambo la haki, hilo halina ubishi. Ila kifungu cha silaha kilimnyima bunduki mpya mfanyabiashara ya watumwa, na kikamnyima vilevile yule aliyekuwa akiwindwa.

Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Mwaka mmoja kabla, gavana Hermann von Wissmann alikuwa ametoa amri ya uwindaji iliyodai leseni kwa wawindaji, na kwa hiyo ustadi wa mwindaji wa kijijini ukaanza kuhesabiwa kosa. Miaka minane baada ya boma kusimama, Vita vya Maji Maji vikafika Ungoni. Ahadi ya dawa kutoka kwa Kinjikitile wa Ngarambe ilikuwa kwamba risasi zitageuka maji, na ahadi hiyo husikika tofauti mtu akikumbuka kwamba waliopewa walikuwa wamebakiziwa mikuki na magobore mbele ya bombomu, yaani bunduki za rashasha. Oktoba 1905 kambi ya Wangoni ilishambuliwa kwa bombomu, na imani katika maji ikavunjika. Waliotaka amani walitakiwa kuwatoa viongozi wao na silaha zao. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano ni miongoni mwa waliouawa na utawala huo, na jina lake ndilo la mji.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Wajerumani wenyewe waliwapa askari wao Waafrika bunduki za mtindo wa 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 vikosi vingi vya koloni bado vilikuwa nazo, na kila mlio ulitoa wingu jeupe la moshi lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Hata mtumishi mwaminifu alipewa silaha ya jana.

Na kwenye ziwa lenyewe, mlio wa kwanza wa vita hivyo uliwakuta watu wamepumzika. Liuli wakati huo iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba mkubwa ufukweni unaofanana na sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilitokea na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imevutwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na inasimuliwa kwamba alitoka kwa mtumbwi akifoka, akidhani mwenzake amelewa. Habari za vita hazikuwa zimemfikia.

Waingereza walipochukua Tanganyika hawakubomoa nyumba waliyoikuta. Bunduki ya kisasa yenye leseni ilikuwa ya mlowezi, ya ofisa na ya mwindaji mgeni. Mwafrika aliyepata kibali, mara nyingi alipata cha gobore. Ng'ambo ya ziwa, Nyasaland (Malawi ya leo), hali haikuwa tofauti sana, na mchungaji John Chilembwe aliiona kwa macho yake: uasi wake wa Januari 1915 ulijumuisha shambulio kwenye ghala la silaha la African Lakes Company mjini Blantyre, na wafuasi wake walitoka na bunduki chache tu. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya silaha, Sura ya 114, ilitungwa mwaka 1953, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, na kanuni za wakati huo zilimhukumu kifo mtu aliyekutwa na silaha bila kibali. Kiongozi wao Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kumiliki bastola.

Uhuru ulipokuja, ungetarajia ukurasa mpya. Sheria zilibaki karibu zilivyokuwa, ila kusini mwa mto Ruvuma kulizuka vita. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianza mapambano tarehe 25 Septemba 1964, ikiwa na makao yake Tanzania, na Mkoa wa Ruvuma ukawa njia ya wapiganaji na kimbilio la wakimbizi. Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa 1971 ulisisitiza ulinzi wa umma, na vijana wa vijijini wakafundishwa mgambo. Angalia mantiki yake: mwanakijiji aliaminiwa kushika bunduki ya kivita akiwa kwenye mstari, chini ya amri, lakini akirudi nyumbani jioni, bunduki ilibaki ghalani. Uhusiano wa raia wa Tanzania na silaha umejengwa hapo zaidi kuliko kwenye kifungu chochote.

Msumbiji, iliyoshinda kwa bunduki, iliiweka kwenye bendera yake mwaka 1983: AK-47 juu ya kitabu na jembe. (Nembo ya Tanzania ina jembe na shoka, na silaha yake ni mkuki na ngao.) Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea hadi Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, na silaha zikabaki zimetapakaa. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la nchi hiyo walianzisha mradi wa kubadilishana: leta bunduki, chukua cherehani, baiskeli au majembe. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wakazifanya sanamu. Kiti kimoja kilichoundwa kwa vipande vyake na msanii Kester kiko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London.

Malawi nayo ilikuwa na tatizo la aina yake. Silaha zilikuwa mikononi mwa Young Pioneers, vijana wa chama cha Rais Kamuzu Banda. Desemba 1993 jeshi liliwanyang'anya kwa nguvu katika operesheni iliyoitwa Bwezani, na baadhi yao wakakimbilia Msumbiji.

Kwa hiyo ziwa moja lina nchi tatu zenye hofu tatu tofauti. Mtu akitaka kuona tofauti ya sheria inavyoweza kuwa kubwa zaidi, atazame Marekani, ambako kumiliki silaha ni haki ya kikatiba lakini kila jimbo lina masharti yake. Vermont haijawahi kudai kibali cha kubeba bastola, ilhali New York ilikidai kwa sheria ya 1911, na sharti lake la kuonyesha sababu maalumu ya kuhitaji kubeba lilifutwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo tarehe 23 Juni 2022. Pwani ya Nyasa hakuna upande ambao kubeba bunduki ni haki ya kuzaliwa. Kote mwombaji hueleza sababu, na mwenye mamlaka anaweza kukataa.

Tofauti zipo kwenye mikataba pia. Tanzania, Malawi na Msumbiji zote zimo katika itifaki ya SADC kuhusu silaha, iliyosainiwa Blantyre mwaka 2001. Tanzania peke yake kati ya hizo tatu imo pia katika Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayodai kila silaha iwe na alama na iingizwe kwenye kumbukumbu. Na mpaka wa maji bado unabishaniwa: Malawi inashikilia ule wa Julai 1890 unaopita ufukweni, Tanzania inasema ni katikati ya ziwa. Mvuvi wa Mbamba Bay anayefuata samaki aina ya mbasa usiku anaweza kuwa katika nchi moja kwa mujibu wa ramani moja, na nchi nyingine kwa mujibu wa ramani ya pili, bila hata kugeuza kasia.

Sheria inayotumika Tanzania sasa ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Mwaka 2016 wenye silaha nchi nzima waliitwa kuzihakiki, na Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa atakayesalimisha silaha haramu kwa hiari. Tangazo la aina hiyo likipita vijijini, mwenye bastola ya dukani hana kazi kubwa. Chuma chake kimechongwa namba, naye ataisoma tu. Gobore la mhunzi ni kesi nyingine. Kasiba yake huenda ilikuwa bomba la maji, kitako ni mninga uliochongwa kwa panga, na mtambo umefungwa kwa mpira wa tairi. Ofisa akilipindua, akapangusa masizi kwa kidole gumba akitafuta namba ya kuandika kwenye fomu, hataiona, maana aliyelifua hakupiga yoyote.