Kinu cha Maji cha Kaimosi

Ndugu msikilizaji, hapa Chapwa, jirani na mpaka wa Tunduma, mlio wa mashine ya kusaga haumshtui mtu. Mahindi yanaingia, unga unatoka, akina mama wanajitwisha na kurudi nyumbani. Lakini bibi zao, Wanyamwanga na Wanyiha, walisaga ulezi kwa jiwe, wamepiga magoti. Kazi hiyo ilipokewaje na maji ya mto katika nchi za milima? Twende Kaimosi, magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dhehebu la Marafiki, yaani Wakweka, walifungua misheni huko. Nao ni Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Ilikuwa misheni ya kazi: mtu asali, na pia ajifunze ufundi. Kwa hiyo walitafuta mahali penye maporomoko, wakayapata katika mto Goli Goli. Maji yakazungusha gurudumu, gurudumu likaendesha msumeno wa kupasulia mbao, na mawe ya kusagia nafaka.

Wenyeji walitazama, wakaelewa kwamba si uchawi, ni mteremko tu. Kufikia miaka ya 1930 wakulima wa North Kavirondo, nchi ya Waluhya, walikuwa na vinu vya maji vyao wenyewe. Ufundi ulikuwa umetoka misheni, umeingia kijijini.

Je, mama alipata nini? Alipata nafasi ya kupumzisha mgongo. Lakini jiwe la nyumbani halikudai malipo, na kinu kilidai. Aliyemiliki kinu alitajirika. Asiye na senti alibaki na jiwe lake. Baadaye zikaja injini za dizeli zisizohitaji mto, na vinu vingi vya maji vikanyamaza.

Kuna jambo moja zaidi. Maji yaleyale yaliyosaga unga ndiyo yaliyoendesha msumeno, na msumeno hula msitu, na msitu ndio mlinzi wa mto. Sisi wa Songwe tunaokata miti kwa ajili ya mkaa tulifikirie hilo. Mashine ikiharibika tutanunua nyingine. Chemchemi ikikauka, tutainunua duka gani?

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.