Nafuu Inayoishia Bandarini: Mapokeo ya Vivutio vya Magari ya Umeme Karatu na Ngorongoro

Mijadala mingi kuhusu magari ya umeme katika Afrika Mashariki huanza kwa kuuliza iwapo wananchi wako tayari kuyapokea, kana kwamba utayari ni tabia waliyozaliwa nayo watu au elimu wanayopaswa kupelekewa kwa semina. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo limeanzia mahali pasipo pake. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, ambako uchumi wote unatembea juu ya magurudumu ya utalii, ya mazao na ya bodaboda, uvuguvugu wa watu kuhusu vivutio vya serikali hautokani na ujinga wala na woga wa teknolojia, bali ni jibu la watu waliokwisha kupiga hesabu na kuona kwamba nafuu inatolewa katika dirisha ambalo wao hawafiki. Vivutio vinavyozungumziwa hapa ni hatua za kikodi na za bei zinazokusudiwa kumfanya mnunuzi achague chombo cha umeme badala ya cha petroli au dizeli, nazo ni za namna mbili: msamaha, ambapo serikali huacha kukusanya kodi ambayo ingeidai, na ruzuku, ambapo serikali hutoa fedha zake ili kushusha bei.

Majirani wa Tanzania wameyafanya haya kwa viwango tofauti. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10, na mwaka 2023 ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 za Kenya kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo. Rwanda, mwaka 2021, ilikwenda mbali zaidi, kwani pamoja na kufuta kodi iliwapa wenye vituo vya kuchajia umeme kwa bei ya viwandani na ikaahidi ardhi ya serikali bila pango. Tanzania imependelea njia ya kipande kwa kipande, yaani nafuu inayotajwa katika bajeti ya mwaka na kuandikwa katika Sheria ya Fedha, ikilenga zaidi chombo kinapoingia nchini kuliko kinapotumika. Tofauti hiyo, inayoonekana kama suala la uandishi wa sheria tu, ndiyo inayoamua nani anaiona nafuu na nani anaisikia redioni.

Mfano wa kwanza ni gari la utalii, ambalo kwa Karatu ndilo gari lenyewe. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa magari ya kubebea watalii yanayoagizwa na makampuni yenye leseni, bila kuuliza kama yanatumia dizeli au umeme. Maana yake ni kwamba Land Cruiser ya dizeli, ile iliyorefushwa kiunzi na kuwekewa paa la kunyanyua, tayari imesimama katika kivuli cha msamaha, na gari la umeme likiletwa chini ya kivuli hichohicho halipati upendeleo wowote juu ya mwenzake. Kivutio kinachowapa wawili sawa hakimvuti yeyote. Isitoshe, magari ya umeme yaliyoanza kutembeza watalii Serengeti mwaka 2018 hayakuwa mapya kutoka kiwandani. Yalikuwa magari ya dizeli yaliyotolewa injini na kuwekewa mota na betri kwa kazi iliyosimamiwa kutoka Arusha. Kwa kazi ya namna hiyo kinachoagizwa ni betri na vifaa vya kuongozea umeme, si gari, hivyo msamaha unaofungamana na gari kamili humpita pembeni fundi ambaye ndiye aliyeonyesha kwamba jambo linawezekana. Kenya iliona hilo mwaka 2023 ilipozijumuisha betri za lithiamu zenyewe katika nafuu ya kodi ya ongezeko la thamani.

Ajabu ni kwamba jiografia ya Ngorongoro inaupendelea umeme kuliko wengi wanavyodhani. Sakafu ya kreta iko takriban mita 600 chini ya ukingo, na gari lenye uzito wa tani tatu likipandishwa kimo hicho kwa barabara ya Lerai linahitaji, kwa hesabu ya fizikia tu, karibu uniti tano za umeme, ukiacha unaopotea njiani. Asubuhi gari hilohilo liliposhuka kwa barabara ya Seneto, mota yake iligeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hizo katika betri huku ikipunguza kazi ya breki, wakati dereva wa dizeli anashuka mteremko huo kwa gia nzito na breki zinazonuka moto. Kwenda kreta kutoka Karatu na kurudi si safari ndefu, kwa kuwa lami inafika hadi Lango la Lodoare la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro na sehemu kubwa ya siku gari linatembea taratibu au limesimama kwenye wanyama. Madereva wanaoongoza watalii, ambao ndio wasomi wa kweli wa barabara hizi, hawana haja ya kuelezwa faida ya gari lisilonguruma mbele ya faru. Wanachouliza ni nani atakuja kulichukua likikwama topeni Ndutu mwezi wa Aprili.

Nje ya utalii, picha inabadilika kabisa. Mkazi wa Rhotia, Endabash au Mang'ola anasafiri kwa Toyota Noah iliyotumika Japani kabla ya kufika kwake, au kwa bodaboda ambayo mara nyingi si mali ya anayeiendesha. Kijana huipata kwa mojawapo ya njia mbili: hesabu, ambapo humkabidhi mwenye pikipiki kiasi walichokubaliana kila siku na kubaki na kinachozidi, au mkataba, ambapo malipo hayo ya kila siku yakitimia pikipiki inakuwa yake. Katika mfumo huu anayenunua chombo si anayenunua mafuta. Mwenye pikipiki hajali petroli imepanda kiasi gani, kwa sababu hainunui yeye. Anajali kama atairudisha mali yake sokoni na kuiuza, na Boxer ya petroli iliyochoka inauzika kesho yake asubuhi, ilhali ya umeme yenye betri iliyochoka bado haina bei inayojulikana. Msamaha wa kodi unamlenga huyu asiyeumia na mafuta, na yule anayeumia nayo hana mtaji wa kufika dukani.

Tuseme hata hivyo kijana ameipata pikipiki ya umeme na anaichaji nyumbani. Hapo ndipo hesabu inapohamia kwenye mita ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kwa bei za Shirika la Umeme Tanzania zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1, yaani kaya isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Uniti zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350, na anayezidi mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, hata ile ya taa ya chumbani, ni shilingi 292. Pikipiki inayotembea kilomita mia kwa siku inahitaji takriban uniti tatu, na kwa siku 26 za kazi hizo ni uniti 78, yaani pikipiki peke yake imekwisha kuvuka mpaka kabla mtu hajawasha redio. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 40 kwa shilingi 4,000 itajikuta, ikishahamishwa, inalipa shilingi 11,680 kwa uniti zilezile 40, mbali na za pikipiki. Ni kweli kwamba hata kwa bei hiyo umeme unabaki nafuu kuliko petroli kwa mwendo uleule, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini vijana wengi wa bodaboda mjini Karatu ni wapangaji, na mahali ambapo wapangaji wanachangia Luku moja, faida ni ya mmoja na gharama ni ya nyumba nzima. Mahali ambapo watu hugombana kwa ajili ya pasi na birika la umeme, pikipiki iliyochomekwa usiku kucha ukutani ni kesi ya mwenye nyumba kabla haijawa sera ya nishati.

Lipo pia suala la haki, ambalo wapenzi wa magari ya umeme hulipita haraka. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA, na mwaka 2023 shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kwa hiyo barabara inalipiwa kwa lita. Gari la umeme, hata bila msamaha wowote wa bandarini, limekwisha kusamehewa barabara, wakati mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anayenunua petroli ya pampu yake ya maji anachangia lami ambayo pampu haitaikanyaga kamwe. Akisikia kwamba mwenye uwezo wa kununua gari jipya anaongezewa nafuu, kununa kwake si upinzani dhidi ya mazingira.

Kumbukumbu ya tozo nayo ina sehemu yake. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilizua malalamiko makubwa hata serikali ikaipunguza mwaka huohuo, na mwezi Agosti kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia Luku, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiasi kilichopandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Mwananchi aliyejifunza kwamba mita ni mlango wa kodi hawezi kulaumiwa akisita kuhamishia usafiri wake wote kwenye mita. Madereva wa bajaji na teksi wa Dar es Salaam waliobadili injini zao kwenda gesi asilia, kwa kufuata unafuu wa kila siku na si tangazo la serikali, waliiona bajeti ya Juni 2024 ikipendekeza ushuru wa shilingi 382 kwa kilo ya gesi hiyo. Nchini Kenya, muswada wa fedha wa mwaka huohuo ulitaka kurudisha nyuma baadhi ya nafuu za mwaka uliotangulia kabla haujaondolewa kwa sababu ya maandamano. Ujerumani, yenye viwanda vyake vya magari, ilisitisha ruzuku ya wanunuzi Desemba 2023 kwa taarifa ya siku moja. Kivutio ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa historia ya mtoaji.

Kwa wakazi wa Tarafa ya Ngorongoro, wanaoishi ndani ya hifadhi, neno uhifadhi lenyewe lina bei waliyokwisha kuilipa: marufuku ya kilimo iliyowekwa mwaka 1975, ikalegezwa mwaka 1992 na kurejeshwa mwaka 2009, na kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kulikoanza mwaka 2022. Nafuu kwa magari ya watalii kwa jina la uhifadhi itasomwa humo kama sura nyingine ya kitabu kilekile, na sera inayojifanya haijui hivyo itakuwa inajidanganya.

Watakaosema kwamba teknolojia huanza kwa matajiri kisha ikateremka kwa wengine kupitia soko la magari yaliyotumika wana hoja, maana ndivyo Noah ilivyofika Karatu. Lakini Noah iliyotumika hufika ikiwa na injini ambayo fundi yeyote wa mtaani anaifungua, na gari la umeme lililotumika hufika na betri ambayo nusu ya maisha yake imebaki Yokohama. Njia iliyo karibu zaidi ni kuihamisha nafuu kutoka bandarini kwenda kwenye uniti: mita ya pili kwa ajili ya kuchajia, isiyohesabiwa katika uniti 75 za kaya, na bei ya usiku iliyo chini ya ile ya mchana. Karatu ingefaa kuanziwa kuliko mji mwingine wowote wa kaskazini, kwa sababu ni mji ambao magari ya utalii huja kulala, yakisubiri lango la kreta lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, na bodaboda nazo hulala saa hizohizo, mahitaji ya umeme yakiwa yamepungua. Kwa sasa mita ya Luku ya mteja wa kawaida hukata uniti kwa bei ileile saa nane mchana na saa nane usiku.