Dume na Jike: Habari ya Kuhesabu Wanyama wa Porini

Wasikilizaji wetu, leo twataka kueleza jambo lionekanalo dogo, nalo si dogo: jinsi watu walivyojifunza kujua hesabu ya madume na majike porini.

Sisi tukaao Ushirombo, tukishika njia ya kusini twafika pori la Kigosi. Katika mapori ya namna hiyo mwindaji wa zamani hakuhitaji kitabu. Swala pala, kuro, tohe na tandala, dume ana pembe, jike hana. Lakini palahala na nyati wote wawili wana pembe. Hapo sharti mtu atazame unene wa pembe, kimo na rangi.

Mwaka 1896 Gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji. Ilikataza kuua wanyama wachanga, na majike pia, iwapo watambulikana kuwa majike. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalipatana London kwamba majike wenye watoto wahifadhiwe. Hekima ilikuwamo, maana kundi huongezwa na majike. Lakini bunduki zikielekezwa kwa madume peke yao, nani atajua kama wamepungua mno?

Basi yapasa kuhesabu, na hapo ndipo wengi hukosea. Swala pala dume mwenye nguvu hukaa na majike wengi, akiwafukuza madume wenzake, nao huenda kukaa mbali kundi lao peke yao. Tuseme mtu ameona dume 1 na majike 24. Atasema, "Madume wamekwisha!" Mwenzake kaona madume 14 bila jike hata mmoja, naye asema, "Majike wamekwisha!" Wa tatu kaona dume 1 na majike 16. Wote watatu wameona kweli, na hakuna aliyeijua kweli yote. Jumlisheni: madume 16, majike 40, yaani madume 40 kwa kila majike 100. Kwa hiyo mhesabuji hupita kila mahali, majani mafupi na vichaka vilevile, ndipo ajumlishe.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege. Michael alikufa Januari 1959, ndege yake ilipoanguka. Ndege huonyesha upesi wingi wa wanyama. Lakini nyumbu dume na jike wote wana pembe, na kuwapambanua kwataka mtu aliye chini, mwenye darubini na saburi.

Huenda mfugaji akauliza: "Beberu mmoja hutosha zizi zima; madume wengi wa nini?" Neno lake ni kweli, ila lina mpaka. Katika nchi ya Urusi yuko swala aitwaye saiga. Dume tu ndiye mwenye pembe, nazo huuzwa kwa dawa. Majangili wakawaandama madume. Mwaka 2003 wataalamu walieleza yaliyofuata: madume walikuwa wachache hata majike wengi hawakupata mimba, na watoto wakapungua sana. Majike walikuwako, ila uzazi ulikatika.

Basi, wasikilizaji, mtu akiwaambia kwamba porini wanyama bado ni tele, mwulizeni kwanza: madume wangapi, majike wangapi, nawe umepita wapi ulipowahesabu?