Daftari, Hadubini na Ridhaa: Utafiti wa Ukoma mjini Bergen katika Karne ya 19

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia historia ya huduma ya tiba hufundishwa mara nyingi kama historia ya ukarimu: hospitali zilizojengwa, wauguzi waliotumwa, wagonjwa waliopona. Historia hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Iko pia historia ya utafiti, yaani jinsi maarifa ya tiba yalivyopatikana, kwa kutumia miili ya nani, na kwa ridhaa ya nani. Makala hii inakusudia kuutazama upande huo kwa mfano mmoja, nao ni utafiti wa ukoma uliofanyika katika mji wa Bergen, magharibi mwa Norwei, katika karne ya 19.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni huko ambako kijidudu kinacholeta ukoma kilionekana kwa mara ya kwanza. Pili, Norwei ilikuwa nchi ya Kilutheri, na wachungaji wake walihusika katika jambo hili tangu mwanzo. Tatu, ni huko ambako daktari mashuhuri alishtakiwa mahakamani kwa sababu ya mgonjwa mmoja maskini, na mahakama ikampa hatia daktari. Mambo haya matatu, yakiwekwa pamoja, yatatusaidia kufikiri juu ya wajibu wetu wenyewe.

1. Mchungaji wa hospitali

Hospitali ya Mtakatifu Georgi mjini Bergen, ambayo Wanorwei huiita St. Jørgen, ilikuwako tangu karne ya 15. Iliungua katika moto mkubwa wa mwaka 1702, ikajengwa upya. Haikuwa hospitali kwa maana tuijuayo leo. Ilikuwa makao ya watu waliougua ukoma, ambao wengi wao waliingia humo pasipo tumaini la kutoka. Kwa muda mrefu tiba haikuwapo. Palikuwa na chakula kidogo, kitanda, na ibada.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mchungaji wa hospitali hiyo alikuwa Johan Ernst Welhaven. Hakuwa daktari. Hata hivyo aliwatazama washarika wake kwa makini, na katika mwaka 1816 maelezo yake juu ya wagonjwa wa St. Jørgen yalichapishwa. Alieleza dalili za ugonjwa na hali ya makazi yao, akaonyesha kwamba mahali hapo palifanana zaidi na mahali pa kungojea kifo kuliko mahali pa kuponyea.

Yatupasa kulizingatia jambo hili. Kabla ya hadubini na kabla ya wanasayansi wenye sifa, alikuwako mchungaji aliyeona kwamba kuwazika wafu hakumalizi kazi yake. Aliandika ili walio nje wasiweze kusema kwamba hawakujua. Huo nao ulikuwa utafiti, na chanzo chake kilikuwa uchungaji.

2. Daftari la wagonjwa

Ukoma ulizidi kuenea katika vijiji vya pwani ya magharibi, hasa miongoni mwa wavuvi na wakulima maskini. Serikali ilitaka kujua idadi ya wagonjwa. Hesabu ya mwaka 1836 ilifanywa kwa msaada wa wachungaji, kwa kuwa wao ndio waliojua nyumba za watu. Hesabu nyingine zilifuata, na kila mara idadi ilionekana kuongezeka.

Katika mwaka 1856 Norwei ilianzisha daftari la taifa la wagonjwa wa ukoma. Inakubalika kwamba hilo lilikuwa daftari la kwanza duniani la aina hiyo, la nchi nzima, kwa ugonjwa wowote. Mwanzoni yaliandikwa majina ya watu zaidi ya 2,800, katika nchi ambayo watu wake wote hawakufika milioni 2. Hadi daftari hilo lilipofungwa katika karne ya 20, watu zaidi ya 8,000 walikuwa wameandikwa humo: jina, kijiji, jamaa, mwanzo wa ugonjwa, na kifo.

Manufaa ya daftari hilo yalikuwa makubwa, kama tutakavyoona. Lakini tuseme pia kwamba wale walioandikwa hawakuulizwa. Jina la mtu lilipoingia humo halikutoka, na baadaye majina hayo yalitumika kwa shughuli ambayo wenyewe hawakuitazamia.

3. Daktari Danielssen na Daktari Hansen

Mtafiti mkuu wa kwanza alikuwa Daniel Cornelius Danielssen (1815–1894). Pamoja na Carl Wilhelm Boeck alitoa mwaka 1847 kitabu kikubwa juu ya ukoma, chenye picha za wagonjwa, kitabu kilichosomwa na madaktari wa Ulaya yote. Danielssen aliamini kwamba ukoma ni ugonjwa wa kurithi. Ili kuthibitisha kwamba hauambukizi, alijidunga mwenyewe vitu vilivyotoka katika vidonda na vinundu vya wagonjwa, na baadhi ya watumishi wa hospitali walidungwa vilevile. Hakuna aliyeugua, naye akazidi kusadiki nadharia yake.

Hapa yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni heshima: huyu alianza na mwili wake mwenyewe. La pili ni swali: je, mtumishi wa chini angeweza kumkatalia daktari mkuu? Mtu anayetegemea mshahara wake kwa mkubwa wake hana uhuru uleule alio nao mkubwa huyo.

Gerhard Armauer Hansen (1841–1912), mzaliwa wa Bergen, alianza kazi chini ya Danielssen mwaka 1868, na baadaye akamwoa binti yake. Lakini katika elimu alimpinga mkwewe. Alisafiri vijijini, akayasoma maandishi ya daftari, akaona kwamba ugonjwa haukufuata damu ya ukoo peke yake; ulifuata wale walioishi pamoja. Tarehe 28 Februari 1873, akiangalia kwa hadubini vipande vilivyotoka katika vinundu vya mgonjwa, aliona vijiti vidogo sana, akavidhania kuwa ndivyo chanzo cha ugonjwa. Alitangaza matokeo yake mwaka 1874. Ulikuwa ni uvumbuzi mkubwa: kijidudu hicho ni miongoni mwa bakteria za kwanza kuhusishwa na ugonjwa wa kudumu wa binadamu.

Hata hivyo Hansen alipungukiwa na uthibitisho. Alishindwa kukiotesha kijidudu hicho nje ya mwili, na hata leo hakuna aliyeweza kukiotesha katika chupa za maabara. Wanyama aliowadunga hawakuugua. Zaidi ya hayo, katika mwaka 1879 daktari kijana wa Kijerumani, Albert Neisser, alifika Bergen, akapewa vipande vya kuchunguza, akarudi kwao akavitia rangi, kisha akachapisha matokeo kana kwamba uvumbuzi ni wake. Kwa hiyo Hansen alikuwa na haraka.

4. Kesi ya mwaka 1880

Katika mwezi Novemba 1879 Hansen alimwita mwanamke mmoja wa miaka 33, mgonjwa katika hospitali ya ukoma mjini Bergen. Mwanamke huyu alikuwa na ukoma wa aina ya ganzi. Hansen alichukua kisu chembamba cha kupasulia jicho, akiwa amekipaka kitu kilichotoka katika kinundu cha mgonjwa mwenye ukoma wa aina ya pili, akamchoma nacho kwenye utando wa jicho. Alitaka kuona kama ugonjwa wa aina ile utatokea katika mwili wenye aina hii. Hakumweleza, wala hakumwomba ruhusa.

Mwanamke yule aliumia na kuogopa, naye alilalamika. Shauri likafika mahakamani. Hansen hakukana. Alikiri kwamba hakuomba ridhaa, na sababu aliyoitoa ni kwamba alitarajia mgonjwa asingeliona jambo hilo kama yeye alivyoliona. Sababu hiyo ndiyo iliyomhukumu, kwa maana ni sawa na kusema: sikumwuliza kwa kuwa nilijua atakataa.

Tarehe 31 Mei 1880 mahakama ilimwondoa Hansen katika kazi ya udaktari wa hospitali ile, na kumtoza gharama za kesi. Hata hivyo aliachiwa cheo cha mganga mkuu wa ukoma wa nchi nzima, alichokuwa nacho tangu 1875. Basi hukumu haikuwa kali. Lakini ilikuwa imenenwa mbele ya watu kwamba mgonjwa anayelishwa kwa fedha za umma hakukabidhi mwili wake kwa daktari.

Wako watakaosema kwamba elimu ina gharama, na kwamba maumivu ya mtu mmoja si kitu mbele ya maelfu watakaopona. Historia yenyewe inawajibu. Jaribio lile halikuleta maarifa yoyote. Jicho la mwanamke yule halikuonyesha alichokitafuta Hansen. Uthibitisho kwamba ukoma si wa kurithi ulitoka kwenye kazi ya uvumilivu, yaani daftari, safari za vijijini, na hadubini. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Hansen alikwenda Marekani kuwatafuta Wanorwei waliohamia huko wakiwa na ukoma, akakuta kwamba watoto wao hawakuugua. Kwa safari hiyo alipata alichokosa kwa kisu.

Mpinzani wake naye hakupona katika jambo hilihili. Katika mwaka 1892 Neisser, akitafuta kinga ya kaswende, aliwadunga wanawake na wasichana kadhaa maji ya damu ya wagonjwa pasipo ridhaa yao. Habari zilipojulikana alishtakiwa, akatozwa faini, na mwishoni mwa mwaka 1900 serikali ya Prusia ikatoa agizo kwamba majaribio yasifanyike kwa mtu asiyeelezwa na kukubali. Agizo hilo lilitangulia Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 kwa miaka zaidi ya 40. Nalo halikuwazuia madaktari wa utawala wa Wanazi. Kanuni iliyoandikwa ni ulinzi, lakini hailindi pasipo watu wenye dhamiri.

5. Maarifa yanapotangulia upendo

Ilipokubalika kwamba ukoma huambukiza, swali lilikuwa: tufanye nini? Sheria ya Norwei ya mwaka 1885 iliagiza kwamba mgonjwa akae peke yake nyumbani katika chumba chake, au, isipowezekana, apelekwe hospitali, hata kwa nguvu. Majina yalikuwa tayari katika daftari. Katika mwaka 1897 mkutano wa kimataifa uliofanyika Berlin uliusifu utaratibu wa Norwei, na mataifa mengi yakauiga, mara nyingi kwa ukali kuliko Norwei yenyewe. Afrika Mashariki nayo, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, ilipata makambi yake ya wakoma, mengine yakiwa chini ya uangalizi wa misheni.

Ni kweli kwamba ukoma ulipungua sana Norwei. Ni kiasi gani kilichotokana na kutengwa, na kiasi gani na chakula bora, nyumba bora na watu kuhamia Marekani, bado hubishaniwa. Lakini gharama yake twaijua. Wagonjwa wawili wa mwisho wa St. Jørgen walifariki mwaka 1946, baada ya kuishi humo zaidi ya nusu karne.

Leo ukoma unatibika. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limependekeza mchanganyiko wa dawa ambao huondoa uambukizi upesi na kumponya mgonjwa, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bure. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na daftari la wilaya likawa nguzo yake mojawapo. Hata hivyo dawa haiondoi aibu. Mgonjwa anayeogopa jina la ugonjwa hufika kliniki akiwa amechelewa, vidole vikiwa vimekwisha kuharibika.

6. Mafundisho kwetu

Kwanza, tuangalie maneno yetu mimbarani. Ugonjwa wa ngozi unaotajwa katika Walawi 13 na 14 haulingani na ukoma wa Hansen. Humo hata nguo na kuta za nyumba huweza kuwa nao. Mhubiri anayeufanya ukoma kuwa mfano wa dhambi, bila kueleza tofauti hii, humwongezea mzigo mgonjwa aliyeketi nyuma kabisa. Tuseme "mtu mwenye ukoma", kwa maana mtu hawi ugonjwa wake.

Pili, watafiti wanapokuja katika hospitali na sharika zetu, mara nyingi mchungaji ndiye anayeombwa kuwakusanya watu. Watu hukubali kwa sababu wanamwamini yeye. Basi na aulize kabla ya kutangaza: Je, wameelezwa kwa lugha wanayoielewa? Je, wanaweza kukataa bila kupoteza matibabu? Je, majina yao yatatumikaje baadaye? Mtafiti mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Tatu, tuwakumbuke watumishi wa afya wa ngazi ya chini, ambao huambiwa na kuagizwa, lakini huulizwa kwa nadra.

Hitimisho

Bwana wetu alipokutana na kipofu kule Yeriko (Marko 10:51), alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, ingawa haja yake ilionekana na wote. Vivyo hivyo penye birika la Bethzatha (Yohana 5:6) alimwuliza mgonjwa wa miaka 38 kama anataka kuwa mzima. Mwenye uwezo wote aliomba kauli ya mgonjwa. Hansen alikuwa na elimu kubwa, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya hadubini yake. Lakini siku ile ya Novemba swali hilo hakuliuliza. Welhaven, ambaye hakuponya hata mmoja, aliwasikiliza. Kanisa linalotaka kuwatumikia wagonjwa halina budi kuyashika yote mawili, elimu ya yule na sikio la huyu, na lisikubali kuambiwa kwamba moja linatosha.