Mafuriko ya Kilwa, hasara ya Narung'ombe

Ukimtajia Narung'ombe mtu aliyesoma habari za Vita Kuu ya Kwanza, atakukumbusha tarehe 19 Julai 1917. Siku hiyo majeshi ya Waingereza, yaliyokuwa yamepanda kutoka Kilwa, yalipambana hapo na askari wa Kijerumani. Waliumizana vibaya, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa maji. Nchi ile ni kavu wakati wa kiangazi. Wajerumani walikuwa wameshika miinuko inayolinda visima, na jeshi lenye maelfu ya watu haliwezi kusonga mbele bila kisima.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka ni hili: miezi michache tu kabla ya hapo, vita hiyo hiyo ilikuwa imesimamishwa na maji yaliyozidi. Mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa kupita kawaida. Bonde la Rufiji lilijaa, njia zikazama, magari yakakwama kwenye tope, na wanyama wa mizigo wakafa. Chakula cha askari kikabaki mabegani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa katika vita ile kwa njaa, kuhara na homa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Majenerali walipoteza muda. Aliyebeba mzigo wa mafuriko yale, kwa maana zote mbili za neno mzigo, alikuwa mwanakijiji.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wiki hii nataka tuzungumzie swali moja: mafuriko yanapokuja, hasara ni ya nani?

Mkoa wa Lindi si mgeni wa jambo hili. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi, kikaua watu na kubomoa nyumba. Januari 2020 mafuriko yaliingia katika vijiji vya Kilwa, watu wakapoteza maisha na maelfu wakaachwa bila makazi. Kisha Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya. Kilifika Mafia tarehe 4, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa kama kisiwa. Aliyekuwa na haraka ilimbidi azunguke kwa Masasi, Tunduru na Songea.

Sasa mtazame mkulima wa Narung'ombe. Yuko mbali na bahari, juu ya ardhi iliyoinuka. Nyumba yake haikuingia maji hata kikombe kimoja. Lakini daraja likivunjika Kilwa, bei ya sukari na mafuta ya taa katika duka lililo jirani naye inapanda. Mgonjwa wake aliyeandikiwa rufaa ya Dar es Salaam anasubiri. Mwenye lori anayefuata ufuta au mbaazi anapiga hesabu ya njia ndefu, na hesabu hiyo humrudia mkulima kwa namna ya bei ndogo. Huyu naye amepatwa na mafuriko, ila hakuna afisa atakayeliandika jina lake katika orodha ya waathirika.

Serikali mbalimbali zimelijibu swali la hasara kwa njia tofauti. Mwaka 1968 unatupa mifano miwili ya kulinganisha.

Mfano wa kwanza uko jirani yetu. Mwaka huo Mto Rufiji ulifurika sana. Mwaka uliofuata serikali yetu iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni na kupelekwa katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Nia ilikuwa njema, kwamba watu wasife maji na kwamba shule, zahanati na visima viwafikie. Lakini Warufiji hawakuwa wakiishi bondeni kwa ujinga. Mafuriko ya kawaida ndiyo yaliyokuwa mbolea yao. Walipanda mpunga ufuatane na maji, na maji yakishapungua walipanda mahindi na mazao mengine katika udongo wenye unyevu, kilimo wanachokiita mlau. Waliijua hatari, na walikuwa na madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Walipohamishwa, nyumba zikawa salama lakini mashamba yakawa mbali, na wengi wakawa wanarudi bondeni kila msimu. Hatari ya maji ilipunguzwa, na hatari ya njaa ikaongezwa upande wa pili wa mizani.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Huko, baada ya mafuriko makubwa ya Mto Mississippi mwaka 1927, makampuni ya bima yalikuwa yamekimbia kabisa biashara ya mafuriko. Kila anayeishi kando ya mto anataka kukata bima, na anayeishi mlimani hataki. Mto ukifurika, wote waliokata wanadai siku moja. Ndipo mwaka 1968 serikali yao ikaanzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, kwa sharti kwamba wilaya itakayojiunga iweke sheria za kuzuia ujenzi holela mabondeni.

Je, walifaulu? Kwa nusu. Familia nyingi zililipwa zikajenga upya. Lakini ada iliwekwa chini ya hatari yenyewe, na nyumba zilezile zikawa zinafurika, zinalipwa, zinajengwa palepale na kufurika tena. Deni la mpango huo likawa kubwa hata mwaka 2017 Bunge lao likafuta dola bilioni 16, na bado yakabaki madeni ya zaidi ya bilioni 20. Bima iliyokusudiwa kuwatoa watu katika hatari ikawa, kwa baadhi yao, posho ya kuendelea kukaa humo.

Na sisi? Shirika letu la Bima la Taifa lilianza mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 likashika biashara yote ya bima, mpaka soko lilipofunguliwa tena miaka ya 1990. Hata hivyo, ukimwuliza mwananchi wa kawaida habari za bima, atakutajia bima ya gari. Hiyo ameizoea kwa kuwa sheria inamlazimisha. Nyumba yake na shamba lake viko mikononi mwa Mungu na ndugu.

Mwaka 2023 makampuni ya bima nchini yaliunganisha nguvu ili kuuza bima ya kilimo. Mojawapo ya njia za bima ya aina hiyo ni kutazama kipimo cha mvua badala ya kumtuma mtu kukagua kila shamba. Mvua ikipungua au ikizidi kiwango kilichokubaliwa, wote wa eneo lile wanalipwa. Njia hiyo ni nafuu na ya haraka, lakini ina kasoro ambayo mkulima anapaswa kuelezwa kabla hajatoa shilingi yake. Kipimo kikiwa mbali na shamba, mvua inaweza kukuharibia wewe na kipimo kikasema mambo ni shwari. Wala kipimo cha mvua cha Ruangwa hakijui kwamba daraja limevunjika Kilwa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo historia inapotuonya. Kwa mtu wa Narung'ombe, bima ya kwanza ni daraja na kalvati zilizojengwa kwa kipimo cha mvua za sasa, si za enzi ya babu zetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Somanga hulipiwa na watu wa mikoa miwili. Bima ya pili ni ile ya karatasi, na ingemfikia vizuri zaidi kupitia vyama vya msingi anakouzia korosho na ufuta, kwa makato madogo ambayo wanachama wenyewe wameyajadili na kuyakubali mkutanoni, wakijua yanalipia nini na hayalipii nini. Ama wale wa mabondeni, wakitakiwa kuhama, waulizwe kwanza mashamba yao yako wapi. Rufiji ilikwisha kutufundisha hilo.

Hasara ya mafuriko haipotei hata kama hakuna aliyeikatia bima. Hutafuta bega la kukalia, na mara nyingi hulikuta la yule asiyeulizwa. Mwaka 1917 lilikuwa bega la mpagazi. Wakati wa kukubaliana litakuwa la nani safari ijayo ni huu wa kiangazi, barabara zikiwa kavu. Mvua zikishaanza, anayebeba huwa hana tena nafasi ya kujadili.

Kwa leo naishia hapo.