Gololi, Pini ama Oseke: Nani Anashika Mdomo wa Mtungi?

Ukitaka kuanzisha vita kati ya Wamarekani wanaojitengenezea bia nyumbani, usiwaulize siasa. Waulize hivi: mtungi wako wa kegi, kifungo cha gololi ama cha pini? Wataacha kila kitu wabishane hadi usiku. Nimesoma mabishano yao kwa wiki mbili, na nikagundua hawabishanii bia hata kidogo. Wanabishania soda.

Iko hivi. Kuna wakati mikahawa ya Marekani ilikuwa inaletewa maji mazito ya soda ndani ya mitungi ya chuma kisichoshika kutu, ya karibu lita 19. Kampuni ya Cornelius ya Minnesota iliitengeneza kwa wingi hadi jina lake likabaki kwa mtungi wenyewe. Kila mtungi una midomo miwili juu: huku gesi inaingia, huku kinywaji kinatoka. Pepsi ikachukua kifungo kinachoshikwa na gololi ndogo za chuma, kama bano ulizocheza ukiwa mtoto lakini ndogo zaidi. Coca-Cola ikachukua cha pini: mdomo wa gesi una pini 2, wa kinywaji una 3, ili mhudumu asichanganye. Mtungi wa Pepsi mrefu na mwembamba, wa Coca-Cola mfupi na mnene. Kichwa cha huyu hakiingii kwa yule. Ukiwa na mitambo ya mmoja, mtungi wa mwingine kwako ni stuli ya kukalia.

Halafu Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyoruhusu watu wa kawaida kujitengenezea bia nyumbani bila ushuru. Miaka iliyofuata, kampuni za soda zikahamia mifuko ya plastiki ndani ya makatoni, na mitungi ya zamani ikauzwa bei ya kutupa. Watu wa bia wakaikimbilia. Ndiyo maana hadi leo mtu anachagua gololi ama pini: amerithi ugomvi wa kampuni mbili za soda. (Ukinilazimisha, nachukua gololi. Spea zake ni rahisi kupata. Basi, tumemaliza hiyo.)

Kampuni kubwa za bia nazo ziko na yao. Mtungi wao una mdomo mmoja tu katikati, na ndani kuna bomba refu linalofika chini kabisa. Gesi inasukuma kutoka pembeni, bia inapanda kwa bomba. Huo mtindo unaitwa Sankey, kutoka kwa kampuni ya Uingereza ya GKN Sankey. Lakini hata hapo, kichwa cha kawaida Marekani ni aina ya D, Ulaya sana sana ni S, na Guinness wako na yao, U. Kila mwenye mtungi na ufunguo wake.

Sasa mbona mimi, mtu wa Sondu, najishughulisha na hii kitu? Ni kwa sababu huku kwetu kulikuwa na kiunganishi chetu, cha zamani kuliko hivyo vyote, na hakuna mtu hukiweka kwa hiyo orodha.

Kinaitwa oseke. Ni mrija mrefu wa mmea wenye uwazi ndani, mwingine unapita mita mbili, na upande wa chini una kichujio kilichosukwa. Wajaluo walikaa kuzunguka chungu cha kong'o, kila mzee na oseke yake. Waluhya wanaiita lusekhe, na hata sikio lako linakuambia hayo majina ni ndugu. Wakipsigis, ukivuka tu soko letu kuingia upande wa Kericho, nao walikunywa vivyo hivyo: mirija mirefu, chungu kimoja. Mpaka wa Sondu ukiusikia kwa habari mara nyingi ni nyumba zimechomwa na watu wamejeruhiwa. Ukiuangalia kwa njia ya mrija, huoni mpaka wowote.

Na hatukuwa peke yetu. Mwaka 1897 wachimbaji walipata mirija minane ya dhahabu na fedha kwenye kaburi la Maikop, kule kusini mwa Urusi, ya zaidi ya miaka 5,000. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni fimbo ama nguzo za hema. Ni mwaka 2022 ndipo watafiti wakasema: hapana, ncha zake zina vichujio, hii ni mirija ya bia. Aki, wangemuuliza dani yeyote wa hapa Nyanza wangepata jibu mapema.

Kwa nini kichujio? Kwa sababu busaa si maji ya dhahabu yenye povu unayoiona kwa matangazo. Unga wa mahindi unachachushwa, unakaangwa juu ya moto, unachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Inakuwa nzito, na makapi yanaelea. Na iko hai: inaendelea kuchacha hata ukiwa unakunywa, na baada ya siku chache imeharibika. Hakuna kuificha stoo ungoje bei ipande. Lazima inywewe hapo hapo, na watu walio karibu.

Angalia sasa mpangilio wenyewe. Chungu ni cha boma, lakini kiunganishi ni chako. Unakuja nacho, unarudi nacho. Kwa kegi ni kinyume kabisa: kikombe unashika wewe, lakini mtungi, kichwa na bei vyote ni vya mwingine.

Si eti hapo kale kulikuwa pepo. Oseke haikuwa demokrasia. Aliyesaga, akakaanga na kuchota maji alikuwa mwanamke, na duara la karibu na chungu lilikuwa la wazee wanaume. Vijana kama sisi tungekuwa tunatumwa kuni. Lakini ujuzi ulikuwa mikononi mwa hao wanawake, na pesa zilipoingia, nao waliuza. Uliza nyumba ngapi hapa Kisumu zilisomesha watoto kwa busaa. Yetu ni moja. Karo ya mamangu ilitoka kwa jungu la dani.

Huo ujuzi ndio ulifungwa polepole. Mwaka 1922 ndugu wawili Hurst na mwenzao walianzisha kampuni ya bia Nairobi. Hadi mwisho wa miaka ya 1940 Mwafrika alikatazwa kununua hiyo bia ya chupa. Busaa nayo, mjini, baraza la mji likaifanya biashara yake: kumbi za pombe ambako ni baraza tu liliruhusiwa kuuza, na mama aliyepikia nyumbani akawa mhalifu. Baada ya uhuru mlango haukufunguka sana. Mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kabisa kwa sheria. Sheria ya 2010 ikairudisha, lakini kwa sharti ipakiwe kwa chupa za glasi. Mama wa jikoni atatoa wapi mtambo wa chupa?

Mwaka 2004 ikaja Senator Keg, kwa msamaha wa ushuru, ili mtu wa mapato madogo aache pombe hatari. Na lazima niseme ukweli hapa: mtungi uliofungwa unaokoa maisha. Mwaka 2013 serikali ilipunguza huo msamaha, bei ikapanda, mauzo yakaanguka. Mei 2014 pombe yenye methanoli ikaua zaidi ya watu 60 Embu, Kiambu, Kitui na kwingine. Mwaka 2015 msamaha ukarudi. Kiwanda cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa miaka mingi, kikafunguliwa tena 2019 kwa shilingi bilioni 15, kutengeneza kegi kwa mtama. Wakulima wa huku wanauza mtama huko, na siwezi kudharau hiyo pesa.

Lakini busaa yenyewe haiwezi kuingia kwa huo mtungi. Si sheria peke yake inayozuia. Makapi yataziba vali ya Sankey kabla hujajaza vikombe viwili, na kwa kuwa bado inachacha, gesi itajikusanya ndani hadi mtungi uwe hatari. Gololi na pini zina shida hiyo hiyo. Hivi vifungo vyote vilibuniwa kwa kinywaji kilichochujwa na kutulizwa. Kusini mwa Afrika waliuza Chibuku kwa katoni yenye kitundu cha kupumulia, kwa hivyo usiniambie haiwezekani kufikiria chombo kinachofuata pombe badala ya pombe kufuata chombo.

Mafundi wa jua kali wa Kisumu wanatengeneza masufuria, majiko, hata mashine za kusaga. Mtungi wa lita 20, mdomo mpana wa kuosha, tundu la kutoa gesi, kichujio chini ya bomba: hiyo ni kazi ya siku ngapi kwao? Mbili? Tatu? Leseni ya kuuza kilicho ndani, hapo ndipo dani angekwama mlangoni.